Unga wa Laoshi

Fomu yenyewe ilikuwa fupi. Nilijaza ndefu kuliko hiyo nikiomba mkopo wa HELB. Walitaka jina, chuo, kichwa cha mradi, halafu tamko ambalo ulipaswa kulisoma, kulielewa na kulitia sahihi: kwamba kwa sasa huna uhusiano na taasisi yoyote iliyo kwenye orodha, wala hupokei kutoka kwake pesa au msaada wa vitu.

Nilipofika kwa "msaada wa vitu" nikageuka kuangalia kabati lililo nyuma ya meza yangu. Rafu ya pili ilikuwa na chupa tatu za unga mweusi. Vibandiko vyake viliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya buluu, na mtu ambaye nimemwita Laoshi kwa miaka kumi na moja.

Laoshi ni mwalimu, kwa Kichina. Wacha nianzie nyumbani ndio tuelewane.

Nilikulia Nakuru, kwa nyumba yenye redio moja na mawe mawili. Mawe yalipochoka, baba aliyaanika juani juu ya bati, na jioni yalikuwa yamepata nguvu ya kutusikilizisha taarifa ya habari ya saa moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Jua linayaamsha." Nimetumia ujana wangu wote kutafuta jibu refu kidogo kuliko hilo. Kazi yangu ni betri, hasa ule upande wa betri ya lithiamu unaoitwa kathodi, na kwa nini joto huuchosha mapema.

Nilimaliza digrii Nairobi mwaka wa 2013 nikaanza kuomba ufadhili kila mahali: Ujerumani, Uingereza, Afrika Kusini, Japani, Uchina. Wengine walikataa kwa heshima, wengine wakanyamaza. Uchina wakajibu. Leo mtu akisoma wasifu wangu wa kazi anaona mpango: msichana wa Kiafrika, serikali ya Uchina, maabara ya betri, miaka saba. Mimi naona barua pepe moja iliyojibiwa. Wajerumani wangejibu mapema, ningekuwa najua Kijerumani na makala hii isingekuwepo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha. Kisha uzamili, kisha uzamifu, yote chini ya Laoshi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kufanya kazi ndani ya lile sanduku la kioo lenye glavu, ambako hewa ya kawaida hairuhusiwi kuingia kwa sababu ingeharibu kila kitu, na nilipokosea alisimama kando akangoja nigundue mwenyewe. Baba alipofariki 2017 nilikuwa na shilingi elfu nne kwa akaunti. Laoshi alininunulia tikiti ya kwenda na kurudi kutoka kwa mfuko wake. Nilipojaribu kumlipa, alisukuma bahasha ikarudi upande wangu wa meza akasema, "Utalipa ukipata wanafunzi wako."

Nilipoondoka 2021 kuja Kanada aliniachia cheo: mtafiti mgeni. Hakikuwa na mshahara wala ofisi, ni jina tu kwenye ukurasa wa maabara, lakini lilinifungulia mlango wa data za mashine zao, na kila mwaka pakiti ndogo ilifika ikiwa na sampuli za unga wa kathodi. Mama aliona jambo hilo la kuchekesha sana. "Yule mzee bado anakutumia unga? Sasa si mtu akutumie na sukari."

Ndiyo hali niliyokuwa nayo Oktoba 2025, mwaka wangu wa pili kama mhadhiri katika chuo kimoja cha Kanada, kwenye mji ambao theluji huanza kabla watu hawajamaliza kulalamikia mvua. Nilikuwa nimepata kampuni ndogo iliyotaka tutengeneze pamoja betri za kuhifadhi umeme wa sola, zisizochakaa upesi zikikaa kwenye joto. Kampuni ingetoa sehemu yake, nasi tungeomba zilizobaki NSERC, shirika la serikali linalofadhili utafiti wa sayansi na uhandisi. Wanafunzi wawili walikuwa wameshakubali kuja. Bila hizo pesa singekuwa na namna ya kuwalipa.

Nilidhani ugumu ungekuwa sayansi. Kumbe sayansi niliimaliza kwa wiki tatu. Tangu Julai 2021, ombi lenye kampuni mshirika linaambatana na fomu ya kupima hatari. Nani anamiliki kampuni? Kuna serikali ya nje inayoweza kuishinikiza? Matokeo yanaweza kutumiwa na jeshi? Data itakaa wapi, na nani ataifikia? Ukikuta hatari, unaandika utaipunguza vipi. Ombi lenyewe linaweza kupelekwa mbele, kwa wizara na idara za usalama wa taifa, wakalitazama kwa macho yao.

Halafu kuna lile tamko. Januari 2024 Kanada ilitangaza sera kuhusu teknolojia nyeti na uhusiano unaotia shaka, ikaanza kutumika Mei mwaka huo. Ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya nyanja nyeti: akili unde, kwantamu, anga, na, ndiyo, teknolojia za juu za kuhifadhi nishati. Ya pili ni ya taasisi zaidi ya mia moja za Uchina, Iran na Urusi, nyingi zikiwa za Uchina, ambazo Kanada inaziona kuwa na uhusiano na majeshi au vyombo vya usalama vya nchi hizo. Mradi wako ukilenga kuendeleza teknolojia iliyo kwenye orodha ya kwanza, hakuna mtafiti wa mradi huo anayeruhusiwa kuwa na mguu mmoja kwenye orodha ya pili.

Nilienda kwa ofisi ya usalama wa utafiti. Nilitarajia mtu wa suti nyeusi. Nikakuta mama wa makamo aliyevaa sweta, na picha ya paka kwenye kompyuta yake. Tukafungua orodha pamoja. Imepangwa kwa alfabeti. Aliteremsha ukurasa polepole, na mimi nilijua kabla hajafika. Chuo changu kilikuwepo.

Unajua ile hisia ya kuona jina la mtaa wako kwenye habari za uhalifu? Wewe hujaiba kitu. Hata hivyo unakaa vizuri kwa kiti.

"Kusoma huko si tatizo," akasema. "Digrii ni zako. Sera inauliza kuhusu sasa, haiulizi kuhusu jana. Una uhusiano wowote nao sasa?"

Nikamwambia kuhusu cheo. Nikamwambia pia kuhusu unga.

Hakushtuka. Aliniambia ninaweza kumaliza uhusiano huo kabla ya kuwasilisha ombi, kwa maandishi, na kwamba usirudi kipindi chote cha ruzuku. Unga ungehesabiwa kuwa msaada wa vitu, kwa hivyo nao ukome. Nikamuuliza, betri ya kuwasha taa za shamba la kuku Kitengela inamtisha nani? Akaniuliza swali langu mwenyewe kwa upole: betri nyepesi isiyochoka kwenye joto, ukiitoa kwa shamba la kuku ukaiweka kwa droni, itakataa kufanya kazi?

Haiwezi kukataa. Hilo nalijua kuliko yeye.

Usiku huo nilimwaga yote kwa grupu yetu ya WhatsApp. Tuko Wakenya tisa, tumetawanyika dunia nzima kwa sababu ufadhili hauchagui ramani. Jibu la kwanza lilikuja kwa dakika mbili: "Manze usijitie kitanzi. Cheo bila mshahara si cheo. Nyamaza, weka sahihi, songa." Wengine wakaweka kidole gumba.

Nitakuwa mkweli, nililala na wazo hilo. Nani angejua? Pakiti moja kwa mwaka, jina moja kwenye ukurasa ulioandikwa Kichina.

Asubuhi nikakuta ujumbe mrefu wa sauti kutoka kwa rafiki aliye Marekani. Yeye amepitia haya kabla yangu. Kwao, agizo la rais la Januari 2021 lilitaka mashirika yote yanayofadhili utafiti yadai maelezo kamili, na sheria ya CHIPS ya Agosti 2022 ikakaza kamba. Ukiwa mtafiti mkuu unaorodhesha kila msaada ulio nao na unaousubiri, kila cheo hata kisicho na senti, na unathibitisha kwamba hauko kwenye mpango hasidi wa kuvuta vipaji, ile inayofungamanishwa hasa na Uchina, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Juu ya hayo unapitia mafunzo ya usalama wa utafiti. "Mimi nimeorodhesha mpaka kamati ya chuo cha Eldoret ambayo haijawahi kukutana," akasema.

Kisha akanikumbusha majina mawili. Charles Lieber, profesa wa Harvard, alipatikana na hatia Desemba 2021. Hakushtakiwa kwa ujasusi. Mashtaka yalihusu uongo aliowaambia maafisa kuhusu uhusiano wake na Uchina, na pesa za huko ambazo hakuzitangaza kwa watu wa kodi. Gang Chen, profesa wa MIT, alikamatwa Januari 2021 kwa madai ya kuficha mambo kama hayo, na mwaka mmoja baadaye waendesha mashtaka wenyewe wakaomba kesi ifutwe. Mwezi uliofuata, Februari 2022, wizara ya sheria ikavunja mpango mzima uliozaa kesi hizo, ambao watu wengi walikuwa wameulaumu kwa kuwaandama wanasayansi wenye asili ya Kichina.

Nilisikiliza ujumbe huo mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia: usidanganye. Mara ya pili nikasikia kwamba hata usipodanganya, mtu anaweza kupoteza mwaka mzima wa maisha yako akitafuta uongo. Yote mawili ni kweli, na hakuna moja linalofuta lingine.

Hapo hasira ikanishika, na ilinirudisha karibu na nyumbani. Kama ulisoma shule ya msingi pande zetu, labda ulienda ziara ya Ziwa Bogoria mkachemsha mayai kwenye zile chemchemi za moto. Miaka ya 90 watafiti kutoka nje walichota kwenye maziwa yetu ya magadi vijidudu vinavyostahimili mazingira hayo makali. Kutokana na vijidudu hivyo, kampuni ya Genencor ilipata kimeng'enya cha kufanya jinzi zionekane zimechakaa kabla hujazivaa. Mwaka wa 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai mgao. Mimi nilikuwa nimechemsha mayai hapo, na nikakua nikinunua hizo jinzi Gikomba.

Kwa hivyo nilikaa kwa ofisi yangu nikibishana na mtu ambaye hayupo. Nyinyi mnaniuliza unga ulitoka wapi? Sisi tulimuuliza nani tope lilienda wapi?

Lakini ubishi ukiufuata mpaka mwisho hukugeukia. Maana ile fomu niliyoichukia inauliza maswali yaleyale ambayo ningetaka yaulizwe pale Bogoria. Nani anachukua nini. Anampelekea nani. Nani alimlipa. Leo Kenya nayo inauliza: chini ya sheria ya sayansi ya 2013, mtu hafanyi utafiti nchini bila leseni ya NACOSTI, na tunalalamika foleni na ada zake kama kawaida yetu. Siwezi kulitaka swali hilo Baringo halafu nilikatae Kanada kwa sababu sasa linaniuma mimi.

Kilichoniuma, nilipokitafuta vizuri, hakikuwa swali. Ilikuwa kwamba jibu lake lilikuwa na uso. Mtu aliyezaliwa Toronto, akasoma Toronto, akaajiriwa Toronto, anaweka sahihi ile kwa nusu dakika akaenda kunywa kahawa. Sisi tunaosoma kwa ufadhili tunajengwa na mikono ya watu wa mbali, na siku ya fomu kila mkono unageuka kuwa mstari wa kueleza.

Jumamosi nikampigia mama. Yeye hajui kathodi ni nini na hataki kujua. Nilimweleza kama mtu anayeeleza kesi ya shamba: kuna hawa, kuna wale, na mimi niko kwenye mpaka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mzee umemwambia?"

"Bado, mami."

"Kwa hivyo serikali itajua kabla yake."

Sikuwa na jibu. Siku tano nilikuwa nimewaza kuhusu sera, orodha, Harvard na Bogoria, na sikuwa nimewaza kumpigia simu mwenye unga.

Kule kwake ilikuwa asubuhi nilipompata kwenye WeChat. Amezeeka. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikasahau Kichina chake katikati, nikamalizia kwa maneno ya mtoto: Laoshi, ninahitaji kuacha cheo, na usinitumie tena sampuli, kuna fomu.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha pua.

Akaniambia kwamba Julai serikali yao iliongeza teknolojia za kutengeneza baadhi ya kathodi za betri kwenye orodha ya vitu visivyotoka nchini bila kibali. Maabara yao ilikuwa imeagizwa kuhesabu sampuli zote na kusema zilikokwenda. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia," akasema. Wiki kadhaa mzee huyu alikuwa ameketi upande wa pili wa dunia na fomu yake, akiogopa kunivunja moyo.

Tuliongea saa nzima. Karibu na mwisho akauliza kama nimepata wanafunzi.

"Wawili. Fomu ikipita."

"Basi weka sahihi," akasema, kwa sauti ileile ya kuniambia nifunge mlango wa sanduku la kioo.

Barua ya kujiuzulu ilikuwa na mistari mitatu na ilinichukua siku nzima. Kila toleo lilikuwa na shukrani nyingi mno au chache mno. Siku mbili baadaye jina langu likaondolewa kwenye ukurasa wa maabara. Yule mama wa sweta akaniambia niandike zile chupa tatu zilifika lini, zilikuwa na nini, na kwamba hazitatumika kwenye mradi. Nikazifunga kwa utepe mwekundu nikaandika "si ya mradi". Kisha nikasoma tamko tena kutoka juu. Mara hii kila neno lilikuwa kweli. Nikaweka sahihi.

Nakuandikia wewe hasa, uliye Juja au Njoro saa hii ukiomba ufadhili Uturuki, India, Urusi, Hungaria, popote watakapojibu. Nenda. Usikatae elimu kwa sababu ya orodha ambayo huenda ibadilike kabla hujarudi. Ila nunua daftari. Andika nani alilipa nini, kuanzia tarehe gani hadi gani. Cheo ukipewa, hata cha bure, hifadhi barua yake, na kikiisha omba barua ya kuisha. Ukiona jina lako mahali ambapo hukuliweka, uliza. Siku moja mtu mwenye sweta na paka atakuuliza, na ni vizuri ujue hadithi yako kabla hajaifungua yeye. Na kama kuna mtu ndani ya hadithi hiyo, mpigie kwanza.

Majibu ya ruzuku bado hayajaja. Mama huuliza kila wiki kama wamejibu, namwambia bado. Halafu huuliza kama nimempigia mzee. Hilo ninalo jibu: nilimpigia Jumapili. Kazi hatukuigusa kabisa. Tuliongea kuhusu magoti yake, ambayo baridi imeyaanza mapema mwaka huu, na nikamwambia ajaribu kukaa juani.